Yeye wa Bi Odessa

Kwa miaka kumi na sita kazi yangu ilikuwa kubeba vitu ambavyo mtu akiviangusha hana pa kujificha. Nilivibeba katika makumbusho ya sanaa hapa Houston, nikavipakia, nikavifungua, nikavitundika, na niliviogopa vyote, vikubwa kwa vidogo. Sasa nimestaafu. Mliniaga kwenye skrini, kila mtu katika kidirisha chake, nusu yenu mkihutubia bila kuwasha sauti, na mkasema Mzee Hemedi atuachie neno. Nililosema siku ile lilikuwa la adabu tu. Hili hapa ndilo lenyewe, nalo ni refu, kwa sababu kuna kosa nililolifanya ambalo ninyi wenzangu wa mitaa ya Alief na Sharpstown, Waburundi, Wakongo na Watanzania, mnaweza kulifanya kesho asubuhi bila kujua.

Nilianza mwaka 2004, seremala kutoka Tabora niliyeamini kwamba najua mbao. Nilikabidhiwa kwa Bwana Hollis, mkuu wa wabebaji, Mmarekani Mweusi wa mtaa wa Third Ward, mtu mrefu aliyeongea kwa sauti ya chini mpaka ukalazimika kumsogelea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuninyang'anya nyundo. "Hapa nyundo ni ya mwisho," alisema. "Kwanza mikono, pili macho, tatu pima maji." Alinifundisha kuvua saa, pete na mkanda kabla ya kugusa chochote, kushika picha mkono mmoja chini na mwingine ubavuni, kutotembea kinyumenyume, na kutopiga soga na picha mkononi. Pua ikikuwasha, unavumilia. Alinifundisha pia kuogopa, na hilo nililishika upesi kuliko yote. Alikuwa akisema mtu asiyeogopa hampi picha.

Kilichomshinda kunifundisha ni "yeye". Mnajua tatizo letu. Kwetu "yeye" ni mmoja, awe bwana harusi au bibi harusi, na maisha yanaendelea. Kiingereza kina wawili, "he" wa kiume na "she" wa kike, na kinataka uamue kabla hujafungua mdomo. Mimi nikiwa nimetulia niliamua vizuri. Nikiwa na haraka, uchovu au hofu, watu wote wa dunia hii walikuwa wanaume. Mkurugenzi wetu, mama mwenye visigino virefu, nilimwita "he" mbele ya wageni wake. Mke wangu nilimwita "he" mbele ya daktari, na daktari akaangalia faili mara mbili. Binti yangu Zuhura, aliyekulia hapa, alikuwa akinijibu, "Baba, Mom is a she, okay?" Tulicheka miaka mingi. Natamani mmoja wetu angeacha kucheka mapema.

Kule mwisho wa stoo kuna zile fremu ndefu za waya zinazotelezeshwa kwenye reli, picha zimening'inizwa pande zote mbili. Ya mwisho kabisa, karibu na mashine ya kupoza hewa, ilikuwa na kazi za wasanii Weusi, wengi wao wa hapa hapa Texas. Karatasi za baadhi ya kazi hizo zilisema "msanii hajulikani". Bwana Hollis aliivuta kunionyesha, nayo ikapiga kelele kwa sababu reli haikuwa imezoea kusumbuliwa. Akaniashiria picha moja ya kuku watatu na mlango wa bluu. "Huyu 'asiyejulikana' alikuwa jirani yetu," alisema. "Mama yangu alikuwa akimpelekea supu. Niliwaambia wakubwa. Wakasema wanahitaji maandishi." Akaisukuma fremu taratibu mpaka ikagonga ukuta. "Hemedi, watu wanadhani unaingia kwenye historia kwa ufundi. Unaingia kwa karatasi." Nilidhani ni manung'uniko ya mtu aliyekaa kazini muda mrefu.

Agosti 2017 maji ya kimbunga yakaingia mjini. Nyumba yetu Alief ilipata maji ya kufika vifundoni, nasi tulishukuru, kwa sababu wapo walioyapata ya kufika darini. Makumbusho yalibaki makavu, na mkurugenzi akatangaza kwamba watu walete picha zilizolowa tuwasaidie kuzikausha. Foleni ikazunguka jengo. Waliletwa mababu waliovaa sare za jeshi, albamu za harusi zilizogandana kurasa, vyeti, Biblia za familia, vyote vikinuka matope na petroli. Barabara nyingi zilikuwa zimefungwa, wafanyakazi wa ofisini hawakuweza kufika, na Bwana Hollis akaniweka mezani nijaze fomu za mapokezi. Nilimwambia mimi si mtu wa kalamu. Akasema leo kila mwenye mkono mkavu ni mtu wa kalamu.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja aliyeitwa Lorraine, wa miaka hamsini na kitu, amevaa mabuti ya mpira. Alibeba vipande kumi na kimoja vya plaiwudi alivyovifunga kwa pazia la bafuni. Nilivifungua kimoja kimoja na nikasahau foleni. Kamba za nguo nyuma ya nyumba, na shati moja jeupe limejaa upepo. Wanawake watano wakingoja basi na mifuko yao ya kazini. Ubatizo mtoni. Rangi zake zilikuwa kali, nyekundu ya kinyozi na njano ya duka la kuku, kwa sababu zilikuwa rangi za mabango. Kila ubao ulikuwa na mstari wa matope chini, na kwenye kona sahihi ndogo: O. Tarver.

Lorraine alizungumza haraka kwa kuwa aliacha injini ya gari inaunguruma. Alisema mchoraji ni shangazi yake, yuko garini, miguu imevimba. Shangazi alipiga pasi mashati ya watu siku sita za wiki, na Jumapili baada ya kanisa alichora kwenye meza ya jikoni. Mumewe alikuwa mwandika mabango, rangi zilizobaki makoponi alimletea yeye, na mbao alimkatia mwenyewe. "Zichukueni," alisema Lorraine. "Sina tena ukuta wa kuzitundika." Nilikuwa sijalala vizuri siku tatu, nyuma yake kulikuwa na watu sitini na mvua ilikuwa inarudi. Niliandika sentensi tisa kwa Kiingereza. Mahali pa jina la msanii nilinakili ile sahihi kama ilivyo, O. Tarver. Na sentensi zote tisa, kila nilipomtaja mtu, nilimtaja kwa "he"; neno shangazi wala neno mume sikuliandika popote. Lorraine akatia sahihi ya kutoa zawadi bila kusoma, na mimi sikumsomea. Wiki hiyo hiyo, kama nilivyojua baadaye, alihamia Dallas.

Bwana Hollis alistaafu mwaka uliofuata, na mwaka 2019 akaja Dakta Coles. Yeye alikuwa mhifadhi, yaani mtu anayeamua kipi kitundikwe na lebo yake iseme nini. Mwanamke Mweusi, mzaliwa wa Fort Worth, kijana kiasi kwamba walinzi wawili walimwomba kitambulisho wiki ya kwanza. Aliivuta ile fremu ya mwisho kwa mikono yake na kusema yatakuwepo maonyesho ya wasanii Weusi wa Texas waliosahauliwa stoo, na yatafunguliwa Februari 2020. Alitafuta majina kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Alisoma vitabu vya zamani vya anwani, ratiba za mazishi, magazeti ya makanisa. Picha ya kuku watatu aliipatia jina, na siku hiyo nilimpigia simu Bwana Hollis, akaniomba nilirudie lile jina.

Zile mbao kumi na moja zilimpendeza kuliko kazi zote. Barua aliyomwandikia Lorraine ilirudi, simu ilikuwa imekatwa, hivyo akabaki na fomu yangu. Katika kitabu cha anwani alikuta Tarver mmoja tu mwenye jina linaloanza na O: Otis, mwandika mabango. Kila kitu kikakaa sawa. Ilibaki pasi, maana mwandika mabango anapiga pasi ya nini? Lakini fomu ilisema "he" alipiga pasi, na yeye aliiamini. Alisimama mbele ya wafadhili akaeleza kwa hisia habari za mwanamume Mweusi wa enzi zile ambaye hakuona aibu kushika pasi ili alishe familia. Walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma nikikunja viti, sikuwa nasikiliza.

Mwezi Novemba nililetewa rasimu za lebo nizipime kwa ajili ya ukuta. Nikasoma ya kwanza: Otis Tarver. Nikasoma kwamba alichora Jumapili baada ya kanisa. Nikasoma "he", na "he", na "he", na mara nikaiona ile miguu iliyovimba ambayo sikwenda kuitazama garini. Nilikaa juu ya kreti. Kwa kazi yetu mtu asiyeiamini mikono yake anatakiwa aondoke chumbani, basi nikaondoka.

Nitasema wazi nilichoogopa. Mke wangu ana kisukari, na dawa zake zilikuwa kwenye bima ya kazi yangu. Nilikuwa nimebakiza miezi saba nitimize umri wa kustaafu. Mtu aliyeandika uongo kwenye fomu ya makumbusho, hata kama hakukusudia, anaweza kuonyeshwa mlango kabla ya chakula cha mchana. Nilimwogopa pia Dakta Coles, si kwamba ni mkali. Alikuwa amekuja kurudisha majina, na mimi nilikuwa nimemfanya amwibie mwanamke Mweusi jina lake na kumpa mumewe, tena kwa makofi. Na chini ya hofu hizo kulikuwa na nyingine mbaya zaidi. Sikuwa na uhakika. Je, Lorraine alisema shangazi, au mimi ndiye nimeanza kumsikia hivyo sasa? Miaka miwili ilikuwa imepita. Kichwa changu kilikuwa kile kile kilichoandika ile fomu.

Kwa hiyo nilinyamaza. Nilinyamaza wiki moja, kisha ya pili, na kila siku jambo lilizidi kuwa gumu. Kitabu cha maonyesho kilikwenda kwa mchapaji. Jina la Otis likakatwa kwa herufi za vinyl za kubandika ukutani. Nilipima, nikachora alama za penseli, nikaweka misumari mahali pake kwa usahihi ambao Bwana Hollis angeusifu.

Aliyenibana ni Espérance. Wengi mnamjua, mlinzi wa chumba cha tatu, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Alinikuta nimesimama tena mbele ya zile mbao.

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona kila siku unakuja kusimama hapa kama mtu anangojea hukumu?"

Nikamwambia. Nilitegemea acheke, kwa sababu "he" zangu zilikuwa utani wa jengo zima. Hakucheka.

"Mimi nilifanya hiyo," alisema. "Kule kambini, kwa interview ya kuja huku. Mkalimani alikuwepo lakini nilitaka kuonyesha najua Kingereza. Mdogo wangu Nadine nikamwita he. Wakaandika boy. Kuja ku-fix hiyo karatasi, sisi tumeshapanda ndege, yeye amebaki. Mwaka mzima na zaidi, mzee. Mtoto wa miaka kumi na tano, peke yake." Akatazama huku na huku, maana mlinzi haruhusiwi kupiga soga. "Hiyo fomu yako ina nini kingine? Ina-say alitumwa na nani?"

Ilikuwa na jina la kanisa lililomshauri Lorraine alete picha kwetu.

"Piga kanisani," alisema. "Wewe Mwislamu, mimi Mkatoliki, hilo kanisa ni la wengine kabisa. Haidhuru. Kila kanisa lina sekretari, na sekretari anajua watu wote wamehamia wapi."

Nilipiga. Sekretari aliniuliza maswali mengi kuliko ubalozi, akachukua namba yangu. Baada ya siku mbili simu ikalia nikiwa juu ya ngazi, na sauti ile ile ya haraka ikasema ni Lorraine. Nilimuuliza swali moja tu: aliyechora ni nani? "Shangazi Odessa," akasema. "Yuko hapa mezani. Ana miaka tisini na mbili, na anataka kujua nani amekufa."

Odessa na Otis. O na O. Nilishuka kwenye ngazi polepole.

Jumapili moja ya Desemba niliendesha kwenda Dallas, mwendo wa saa nne kwenye barabara kuu ya 45. Espérance alikuja nami, kwa kuwa Nadine sasa anafanya kazi kiwandani Fort Worth na angekuja kumchukua huko huko. Fomu yenyewe haitoki nje ya jengo, hilo mnalijua, hivyo nilibeba nakala ndani ya bahasha. Hata nakala niliiogopa. Njia nzima nilifanya mazoezi ya "she" kwa sauti, na Espérance alinisahihisha bila kuinua macho kwenye rozari yake.

Bi Odessa alikuwa amekaa jikoni, mwembamba, nguo yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata kama wembe. Lorraine akatukaribisha chai. Nikaeleza. Niliomba msamaha kwa Kiingereza nilichokiandaa, nikakosea katikati, nikaanza upya. Nilisema picha zake zitatundikwa, na jina lililoandikwa ni la mumewe, na kosa ni langu.

Nilidhani atakasirika. Yeye aliweka kikombe chini na kusema, "Liacheni."

Lorraine akashtuka. "Auntie!"

"Liacheni hivyo hivyo," alisema. Alieleza taratibu, akitazama dirishani. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kuandika O peke yake. Wateja wa Otis walipokuja kuchukua mabango yao waliona mbao zake ukutani, wakazipenda, wakadhani ni za Otis, na Otis hakuwarekebisha. Picha ya mwandika mabango ingeweza kutundikwa dukani. Picha ya mwanamke wa pasi wangeiona mchezo. "Nilikuwa naogopa wataacha kuja," alisema. "Sasa mkisema ni mimi, Otis atakuwa mwongo. Na yuko kaburini, hawezi kujitetea."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimesafiri na hofu yangu kifuani, na nikakuta ya kwake imetangulia miaka sitini. Nafsi yangu, nawaambia ukweli, ilifurahi kidogo. Mwenyewe amesema liacheni. Ningerudi Houston, nikae kimya, nistaafu. Hakuna ambaye angejua.

Espérance alinitazama. Alisema kwa Kiswahili, ili wenyeji wasielewe, "Mzee, msomee. Mara ya kwanza hukusoma."

Basi nikatoa nakala nikaisoma kwa sauti, kama ilivyo, na aibu zake zote. He alichora kwenye meza ya jikoni. Bi Odessa akatikisa kichwa tu. He alichora baada ya kanisa. Akanywa chai. Nikafika sentensi ya nne: he alipiga pasi mashati ya watu siku sita za wiki.

"Nani?"

Nikarudia.

"Otis?" Aligeuka na kiti chake. "Otis hakuwahi kushika pasi maishani mwake! Aliungua mara moja kwa kuisogeza tu, akalala siku mbili!" Lorraine alianza kucheka, lakini Bi Odessa hakucheka. Macho yalikuwa yamejaa. Alinyoosha mkono wake wa kulia mezani, kiganja juu, tukaona makovu yanayong'aa kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. "Picha ningemwachia," alisema. "Pasi, hapana. Nipe kalamu."

Alikata "he" ya kwanza akaandika "she" juu yake, herufi kubwa zinazotetemeka. Akaendelea mstari kwa mstari. Alipofika kwenye sentensi ya saba, inayosema he alikata mbao, aliinua kalamu, akafikiri. "Hii ni ya Otis," alisema. "Hii ni yake kweli." Akairuka. Kwenye sehemu ya jina la msanii aliandika Odessa kwa ukamilifu, akapuliza wino ukauke, akanirudishia karatasi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Dakta Coles kabla hajavua koti. Niliiweka nakala mezani nikasema yote. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa kuliko kufukuzwa.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tano."

Hakupaza sauti. Alikaa, akafunika uso kwa mikono. "Nilisimama mbele ya watu," alisema. "Mimi, Hemedi. Na sikujiuliza hata mara moja kuhusu pasi." Nilitamani anitukane. Badala yake aliinua simu, akampigia mchapaji mbele yangu, na mchapaji akasema vitabu vimeshafungwa. Mchana akampigia Bi Odessa na wakaongea saa nzima mlango ukiwa umefungwa.

Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Lebo zilichapwa upya. Herufi za Otis nilizibandua mwenyewe kwa kisu cha plastiki na kikausha nywele, na ukuta ukabaki na kivuli chake hafifu ambacho kilihitaji rangi mara mbili. Kwenye kila kitabu niliingiza karatasi ya masahihisho kwa mkono wangu, ukurasa kwa ukurasa, siku tatu. Lebo ya mwisho ilimtaja Otis pia, aliyekata mbao. Februari Lorraine alimleta Bi Odessa kwa kiti cha magurudumu. Nilisimama nyuma ya nguzo nikimwangalia anavyosoma, nikiogopa nisije nikawa nimetundika kosa jingine. Alisoma lebo zote kumi na moja. Kisha akamwambia Dakta Coles kwamba ubao wa ubatizo umetundikwa chini mno, na alikuwa sahihi, nikaupandisha.

Basi, ninyi mnaobaki. Mkiwekwa mezani na fomu, ulizeni: ni mwanamke au ni mwanamume? Ulizeni hata kama mnaona haya, hata kama foleni inazunguka jengo. Kisha msomeeni aliyeleta kitu, kwa sauti, kila neno, na mumwache akasirike. Mkigundua mmekosea, msikae wiki tano kama mimi. Zile wiki sijazilipa bado, na sijui zinalipwaje.

Mwezi Machi makumbusho yalifungwa kwa ajili ya ule ugonjwa. Nilikaa nyumbani nikifuta vitasa vya milango, nikimwogopea mke wangu, nikiogopa hata mkate ulioletwa mlangoni. Aprili, mchana, Lorraine alinipigia. Bi Odessa alikuwa amefariki siku mbili kabla.

"Nina bwana wa kampuni ya mazishi kwenye laini nyingine," alisema. "Tunajaza cheti cha kifo. Wanauliza kazi ya marehemu. Tayari amechapa mama wa nyumbani, anasema ndivyo wanavyoweka kwa wanawake wa umri ule. Nimwambie neno gani, Bwana Hemedi? Nataka liwe sawasawa."

Nilishikwa na hofu ile ile. Kama kuna mtu hapa duniani ambaye hakustahili kuulizwa neno la kuandika kwenye fomu ya Odessa Tarver, ni mimi. "Msanii," nilisema mwishowe. "Mwambie alikuwa msanii."

"Usikate," akasema. "Sitaki kuwa peke yangu nikisema." Akatuunganisha, na nikasikia pumzi ya mtu mwingine na vidole kwenye kibodi. Lorraine akasema futa hilo, andika msanii. Vidole vikasimama. Nilingoja aulize kama tuna maandishi.

"Alichora nini?" yule bwana aliuliza.

Lorraine akaanza na kamba za nguo. Akaja kwenye ubatizo, akaja kwa wanawake watano wa kituo cha basi, na akawataja kwa majina, wote watano, kumbe walikuwa majirani zao, majina ambayo hatukuyaandika kwenye lebo yoyote. Siku zile watu wa mazishi walikuwa na kazi kuliko wakati wowote. Yule bwana hakumkatiza. Mimi nilikuwa natafuta kalamu.